Mguu wa Zakaria na Jua la Garissa

Garissa mjini,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mzazi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, goti limepoa na pumzi imetulia. Riziki aliniambia umeanza tena kuteka maji mwenyewe. Mwachie yeye, mama, ndiyo kazi ya kitinda mimba. Je, mvua zimefika huko Gongoni? Na lile paa la jikoni limeshaezekwa, au bado mnapikia uani? Sisi huku tuko, alhamdulillahi, ila moyo wangu haujatulia.

Utashangaa kuletewa karatasi badala ya simu. Simu nimeijaribu. Kila nikisikia sauti yako nasema "hatujambo", nakata, kisha nalia. Nikapata habari kwamba mke wa jirani yetu anakuja Malindi, nikaona heri niandike, maana karatasi haitaniuliza kitu kabla sijamaliza. Mpe Riziki akusomee taratibu. Kama pana watu barazani, ingieni ndani kwanza.

Jambo lenyewe ni mjukuu wako. Zakaria yuko hai na anakula, nianzie hapo usije ukashtuka. Lakini mguu wake wa kulia umefungwa plasta tangu pajani hadi vidoleni, na mpaka leo hajapiga hatua hata moja.

Nilikuwa nikikwambia kwamba wenzake wanakimbia na yeye bado anasota, ukanijibu kuwa wapo watoto wazito, nisiwe na haraka. Nami nikajipa moyo hivyo hivyo. Lakini yapo niliyokuwa sikwambii. Meno yalichelewa. Vifundo vya mikono vilikuwa vinene kama amevalishwa bangili chini ya ngozi. Akilala, kichwa kilitoka jasho mpaka mto unalowa. Nikimsimamisha, miguu inapinda kwa nje, naye analia akitaka kubebwa.

Mama mkwe wangu, Hooyo Halima, ndiye aliyeanza kulisema wazi. Hooyo kwao ni mama, na yeye pia huniita hooyo, ndivyo mama wa Kisomali wanavyowaita watoto wao. Kiswahili chake alikiokota sokoni miaka aliyokuwa akiuza maziwa. Alimleta mzee wa msikitini akamsomea Zakaria, tukashukuru. Kisha akasema miguu yataka kukandwa. Asubuhi moja akapasha mafuta ya ufuta, akamlaza mapajani, akaanza kumnyoosha. Nilikuwa karibu naye, nilimwona kwa macho yangu, hakutumia nguvu. Mtoto alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, kisha akawa hataki tena mguu uguswe.

"Hooyo, mtoto hii ana nini?" akaniuliza. "Mimi nimeshika bole bole tu."

Mguu ukavimba. Tukapanda tuktuk mpaka hospitali, yeye amembeba, mimi nimeshika ule mguu usitikisike. Kijana aliyetupokea aliutazama uvimbe, akatutazama sisi, akauliza, "Nani amempiga mtoto?" Nikasema hakuna. Akauliza tena, safari hii kwa Hooyo Halima peke yake. Mama, yule mwanamke amelea watoto wake wote bila bwana, na mtaa mzima humpisha akipita. Alifunika uso kwa mtandio wake akasema, "Mimi nimefunja mtoto." Kijana akaandika.

Picha ya eksirei ilipotoka tuliitwa kwa daktari wa watoto, dada mmoja mpole asiyeinua sauti. Aliibandika kwenye taa akatuonyesha ufa mwembamba chini ya goti. Halafu akatuonyesha mfupa wenyewe. Hata mimi nisiyejua kitu niliona umefifia, na mwisho wake umetanuka na kuchakaa kama ncha ya mswaki.

"Hakuna aliyempiga," akasema. "Mifupa hii ni laini, ingevunjika hata akigeuzwa kitandani. Haya ni matege. Mtoto hutoka nje?"

"Hutoka," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Baada ya magharibi."

"Na mchana?"

Hooyo Halima ndiye aliyejibu, bila ubaya wowote, "Mchana hapana. Mama yake nafunga dirisha, naweka bazia."

Daktari aliniangalia nilivyojifunika, akaniuliza kama nami mifupa huniuma. Nikamwambia mgongo na nyonga, tangu nijifungue. Akatueleza kuwa ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, na bila hiyo mwili hauwezi kuipa mifupa madini ya kuikaza. Mimi mwenyewe yaelekea sina ya kutosha, na maziwa yangu yasingeweza kumpa nisichokuwa nacho. Akasema huwaona watoto kama hawa hata hapa Garissa, hasa wanaolelewa ndani ya nyumba zenye kuta ndefu.

Nikamwambia, "Daktari, jua ndilo lililomuua kaka yangu."

Mama, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Wewe hujamsahau Kaka Kombo, wala sikukumbushi. Lakini ujue kwamba sikumfungia Zakaria kwa uvivu. Nilikuwa nikimwona Kaka akirudi kutoka kwenye mashamba ya chumvi, uso mwekundu, shingo imechubuka, nawe unampaka mafuta ya nazi huku ukimsihi atafute kazi ya kivulini. Alikuwa akicheka. Kidonda cha mdomo kilipotoka akasema ni chumvi tu, na sisi tukasema ni chumvi. Tulipofika naye Mombasa uvimbe ulikuwa umeshashuka shingoni. Mimi ndiye niliyetundika kanga madirishani ile miezi yake ya mwisho, kwa sababu mwanga ulimuumiza macho.

Basi Zakaria alipozaliwa mweupe, kama wazaliwavyo wengi, mimi niliona rangi ya Kaka. Rangi ilipokolea bado sikuamini. Nikashona mapazia mazito. Abdi, baba yake, alidhani naogopa joto tu, na nani huku atamshangaa mtu anayekimbia jua? Kila mwenye akili yuko kivulini. Ndiyo maana hakuna aliyenigundua.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Kaka yako alikuwa na ualbino. Ngozi yake haikuwa na rangi ya kuikinga, na hakuna aliyempa kofia pana, mikono mirefu wala mafuta ya kukinga jua. Tena kidonda kisichopona kilitakiwa kuonwa mapema. Pole sana. Lakini mtoto huyu ngozi yake ina kinga yake. Hatutaki aungue, hatumweki juani adhuhuri. Tunataka apate jua la asubuhi, mikono na miguu iwe wazi, na dawa anywe bila kukosa."

Akampa dawa ya matone na ya madini, mimi vidonge. Nilipomuuliza kama miguu itanyooka, alisema mingi hunyooka mtoto akiwahi, na mingine huhitaji kupasuliwa. Tutarudi kupigwa picha nyingine. Hakuniahidi kitu.

Lililofuata ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Abdi alikuwa Hulugho na mafundi wenzake, wakitengeneza pampu ya kisima kilichoacha kutoa maji, na huko mtandao hushika siku ukipenda. Habari zilimfikia kwa watu kabla yangu, kwamba mama yake amemvunja mjukuu. Aliingia na vumbi la njia, hakuvua hata viatu. Hooyo Halima alikuwa chumbani mwake. Tangu tutoke hospitali alikuwa hataki kumshika mtoto, hata akililiwa.

"Nimwite mama," akasema Abdi, "au nikusikilize wewe kwanza?"

Ningeweza kunyamaza, mama. Nakwambia wewe uliyenizaa. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe, naye ameipokea. Nikamwambia, "Keti. Mama yako hakumvunja mtu." Nikamweleza habari ya Kaka Kombo, maana alichojua ni kwamba nilifiwa na kaka aliyekuwa mgonjwa. Nikamweleza mapazia.

Akavua viatu, akaviweka kando ya mlango. Akasema, "Nimelala nyumba hii nikaona giza mchana, sikuuliza." Kisha akasema, na hili bado linaniuma, "Lakini ungeniambia, Saumu." Akaenda chumbani kwa mama yake. Nilisikia wanazungumza Kisomali, sauti za chini, na baadaye nikamsikia yule mama akilia. Tangu siku hiyo Abdi hanigombezi, ila huzungumza nami kama mtu anayepita kwenye nyumba ya jirani. Juzi ameitwa kwenye kisima kingine, upande wa Diff. Sijui akirudi tutakuwaje.

Mapazia nimeyatoa madirishani. Siku za kwanza nilishindwa kumtoa Zakaria, nikifika naye mlangoni narudi ndani. Nikamwomba Hooyo Halima. Akakataa, akasema mkono wake una balaa. Nikamwambia, "Hooyo, daktari amesema si wewe. Mimi peke yangu siwezi." Akanitazama, akachukua mkeka, akaenda kuutandika uani karibu na mbuzi, akarudi kumchukua. Mimi nilijificha jikoni nikajifanya nachambua mchele. Ikawa ndiyo kawaida, yeye nje naye, mimi ndani nikisikiliza.

Jana Hooyo Halima aliamka na homa, hakutoka. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta. Nilimbeba Zakaria na plasta yake, nikatandika mkeka, nikamvua shati mimi mwenyewe. Alifumba macho, akapiga chafya, akaanza kuwaita mbuzi. Nikaweka kiganja mgongoni kwake nikahisi ngozi inapata moto, mama, mwili wote ukaniambia mbebe ukimbie ndani. Lakini sikuinuka mpaka muda wake ukatimia.

Usikasirike nami kwa kulitaja jina la Kaka mbele ya wageni. Na ukitaka kunipigia uniseme, nipigie, safari hii sitakata.

Nisalimie shangazi anayetuombea dua kila Ijumaa, umwambie asichoke. Nisalimie mjomba mvuvi, na wifi yangu, mjane wa Kaka, lakini barua hii usimsomee yote, msomee pale daktari aliposema pole. Riziki mpe mkono wangu. Hooyo Halima anasema usione haya, uje umwone mjukuu wako, nyumba yetu ni yako. Zakaria hasemi bado, ila nikimtajia bibi hutazama mlango.

Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Mimi mwanao aliye mbali,
Saumu