Orodha ya Watu Wasioitika

Barabara ya Kibombo, nje ya Kindu

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Na mihogo ya nyuma ya nyumba, mmeivuna au ngedere wamewatangulia? Mimi ni mzima. Bado niko kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na pumba zimenipa mvi kabla ya wakati.

Usicheke, Mama, lakini mwanao amekuwa mkubwa. Nimechaguliwa karani wa komite ya kijiji, eti kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Tuko watu saba, tunapeleka maneno ya wanakijiji kwenye ofisi ya sekta na kurudisha majibu. Mshahara hakuna, najua ndilo swali lako la kwanza.

Shida yetu ni daraja. Miti yake imeoza, na mvua zikianza hakuna anayevuka kwenda Kindu, awe na mpunga au mgonjwa. Msimu uliopita mama mmoja mwenye uchungu alikaa siku mbili upande huu akingoja maji yashuke, na mtoto hakupona. Ofisi ilikubali kutoa mbao, ila ilitaka kwanza majina ya wakubwa wa nyumba zote, kisha ajenti wao aje kuhakikisha. Basi nikashika daftari, nikapita mlango kwa mlango. Huku ni kama huko Obokote: mtu akishazaa, jina lake linasahaulika. Ni Mama Feza, ni Baba Okito, basi. Kwa hiyo kila jina nililopewa niliandika tu, nikajisifu kwa kumaliza haraka.

Ajenti akaja na pikipiki, kijiji kizima kikakusanyika. Akaita jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Alipofika la kumi watu bado walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao.

"Karani, hawa bantu iko wapi?"

"Njo hawa, papa."

"Na mbona hawaitike? Kijiji ya majina ya uongo haitapata hata musumari moja." Akaanza kukunja karatasi.

Hapo akasimama Mama Feza, jirani yangu anayeniuzia mandazi.

"Ngoja, papa. Hayo majina ni ya bantu wetu benye walikufa. Wakati ya vita, kila mwenye alikuja na daftari alikuwa anatafuta bantu ya kubeba mizigo yake mu pori. Asubui anaandika, kesho anaita. Mwenye aliitika, hatukumuona tena. Njo tulijifunza kutoa jina ya mwenye alishakufa. Ule, hakuna mwenye atamubebesha kitu."

Iliniuma, Mama. Hawa watu wamenilisha, wamenitafutia nyumba. Nikamwuliza kama hata mimi waliniogopa.

"Hapana, mutoto wangu. Wewe tunakupenda. Kinywa njo kilisema chenyewe."

Kisha akamgeukia ajenti: "Andika. Mimi ni Mariamu." Mjukuu wake akageuka kumtazama, kwa maana hakuwahi kulisikia jina hilo. Baba Okito naye akasimama, akasema lake, na wengine wakafuata, wengine kwa kunong'ona. Ajenti akanikabidhi karatasi mpya, niijaze upya kabla ya mwisho wa mwezi. Safari hii mbele ya kila jina kuna nafasi ya jina la mama.

Nimeshajaza nyumba zote, imebaki yangu.

Nisalimie shangazi mshonaji, na mjomba fundi baiskeli, na dada yangu mdogo. Mwambie asiache shule. Huyu msafiri anayekuletea barua atarudi huku baada ya siku nne, mpe jibu, tafadhali.

Mama, nakumbuka kizuizi kile cha barabarani, wakati wa vita, tulipokuwa tunakimbilia Obokote. Nilikuwa nimeshika kitenge chako. Askari mwenye daftari alikuuliza jina, ukasema Zuhura. Nilikutazama kama yule mjukuu alivyomtazama bibi yake. Tangu siku ile ndilo lililo kwenye kadi yako ya utambulisho, na watu wote wanakuita Mama Ramazani. Nilikuwa mdogo, sikuuliza. Sasa nimeshika kalamu na mkono umekataa kuandika.

Zuhura alikuwa nani, Mama? Na wewe nikuandike nani?

Mwanao anayekupenda,
Ramazani