Simba Hapandi Basi

Korogwe, Jumatano 5 Juni 1974

Kondakta wa leo naye amekataa. "Mwalimu, watu wanapanda humu na udhu wao. Mbwa hapana." Nikabaki stendi nimeshika kamba kama mwizi wa mbuzi.

Likizo inaanza Jumamosi, nami natafuta mapema basi litakalompakia mbwa wangu Simba. Zamani nisingehangaika, Simba angelala shambani kwetu Kwamsisi, akafukuza nguruwe. Sasa wazazi wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na mama ameandika: "Njoo mwanangu, ila mbwa usije naye. Jirani anaswali barazani."

Lakini nimwache na nani? Walimu wenzangu wote wanaondoka, na mbwa wanaozurura hapa mjini wanapigwa risasi.

Nimerudi nyumbani, nikaacha begi la safari wazi nikaenda kuchota maji. Kurudi, namkuta Simba amejikunja ndani ya begi, udenda umelowesha msala mpya wa kuswalia niliomnunulia mama. Mate ya mbwa ni najisi; itabidi niufue mara saba, na mara ya kwanza kwa udongo.

Niliinua mkono nimfukuze. Akatikisa mkia. Alidhani ndiyo tunaondoka.