Gundi Haishiki Jino la Baba

Githongo, 4 Machi 1998

Kwa dada Ednah,

Unisamehe. Miezi miwili nasema leo nitaandika, halafu mtoto analia ama kahawa imeiva shambani. Mimi na mtoto wangu Mwiti tuko wazima, ni usingizi tu sina. Natumaini wewe na mume wako hamjambo huko Embu.

Dada, kile kipande mlichombandikia Baba hapo kliniki kwenu, kwa jino lake la mbele lililovunjika, kimetoka tena. Mara ya tatu! Safari hii kilikaa siku tisa, kikabaki ndani ya ndizi. Na Mwalimu Kiambi, kijana, alibandikiwa siku hiyo hiyo na mpaka leo anang'ata mahindi ya kuchoma. Baba anasema, "Mwambie daktari wa Ednah mimi nimetengeneza redio miaka arobaini, hakuna iliyorudishwa mara tatu." Anacheka, lakini hali chakula. Anaona aibu kutafuna mbele ya watu, anakunywa uji na kulala. Suruali sasa anafunga na kamba. Kurudi huko amekataa kabisa.

Niambie ukweli, kwa nini gundi haishiki?

Mdogo wako,
Gacheri

Embu, 15 Machi 1998

Mdogo wangu,

Barua nimepata, nimefurahi kusikia mko wazima. Sisi pia, isipokuwa kikohozi cha mume wangu Kithaka hakijaisha.

Nimemuuliza daktari. Gundi si mbaya. Jino la kijana lina vitundu vidogo sana, gundi inaingia humo na kushikilia. Kwa mzee vitundu vimezibwa na umri, jino limekuwa gumu kama kioo, gundi inakaa juu juu tu. Inafaa likwaruzwe kidogo kwanza, halafu lipakwe asidi kwa muda mrefu kuliko la kijana. Sisi tulimfanyia kama kijana. Kosa ni letu. Mbembeleze aje, Jumanne yoyote.

Dada yako,
Ednah

Embu, 6 Aprili 1998

Gacheri, mbona kimya? Mko salama? Daktari anauliza Baba anakuja lini.

Dada yako,
Ednah

Meru, 14 Aprili 1998

Dada,

Sisi hatujambo, mimi na mtoto. Baba amelazwa, leo ni siku ya ishirini.

Nilimsomea barua yako yote. Pale pa asidi alinirudisha mara mbili. Akasema, "Kumbe ni kama kulehemu waya tu! Unakwaruza, unapaka asidi, inashika. Huko Embu nikafanye nini?" Nilicheka, nikaenda kuchuma kahawa. Kurudi, nikamkuta ameinama mbele ya kioo cha kunyolea, msasa mkononi, na ile chupa ya asidi anayosafishia nyaya iko wazi. Alikuwa anahesabu. Muda mrefu, kama ulivyosema. Asidi iliposhuka kwa fizi alishtuka, akameza.

Mdomo umeungua, koo limevimba. Anapewa maziwa kwa mpira wa puani. Kuongea hawezi. Daktari wa hapa hajasema atapona, na hajasema hatapona.

Nilikulaumu siku tatu. Halafu nikakumbuka ni nani aliyesoma ile barua. Tuiache hapo, sina nguvu. Ukija usilie mbele yake, anaelewa kila kitu.

Mdogo wako,
Gacheri

Tuma na gari la Ijumaa:
maziwa ya unga, mikebe miwili
pamba
mafuta ya mdomo, yasiyo na harufu
vitambaa laini sita
daftari na penseli nene, Baba aandike anachotaka
shati moja kubwa la vifungo, maana kwa ule mpira hakuna nguo tunayoweza kumpitishia kichwani