Breki Zilizonyamaza

Emali, 4 Februari 1952

Mama mpendwa,
Asalaam aleikum. Mimi mzima, wasiwasi ni kwenu huko Kitui. Kichwa kimepoa? Huku mchanga na joto vinalila lori. Vitambaa vya breki vimelika mpaka misumari yake inakwaruza chuma. Tukiteremka Kilungu magurudumu yanalia, watu wanatoka nje kututazama, na taniboi wangu Mutunga, mtu mzima mwenye watoto wanne, anayeruka na gogo kukinga gurudumu tukisimama mlimani, anajifunika uso kwa aibu. Mwenye lori anasema vitambaa vipya viko njiani. Kila siku viko njiani. Ijumaa tutapita nyumbani, niwekee wali.
Mwanao, Jabiri

Kitui, 10 Februari

Mwanangu Jabiri,
Sisi hatujambo, kichwa kimepoa. Lori lako lilivyolia likiingia uani, niliumia moyo. Ulipokwenda msikitini, na Mutunga amelala, nilichukua mafuta ya mbarika, yale ninayotia bawaba za mlango, nikayamimina nyuma ya kila gurudumu mpaka yakachuruzika. Mkaondoka kimya kama mabwana harusi. Hata asante sikupata!
Mama yako, Hasina

Emali, 11 Februari

Mama mpendwa,
Salamu tele. Ajabu, breki zimenyamaza! Mutunga anasema wali wako umezitibu. Pedali naikanyaga sana, lakini ndivyo ilivyo tangu zianze kulika. Kesho tunapeleka mbegu Kilungu, mvua isitutangulie.
Mwanao, Jabiri

Kitui, 12 Februari

Jabiri, mwanangu,
Leo sina salamu. Nilimwambia fundi Mulei nilivyolitibu lori lako, akashika kichwa. Anasema breki hushika kwa kukwaruzana. Ukiitia mafuta inateleza tu. Mimi najua kinacholia hupakwa mafuta! Usiendeshe. Fungua magurudumu, uoshe kwa petroli. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi. Nijibu, hata neno moja. Naogopa.
Mama yako

Kitui, 19 Februari

Jabiri,
Kila basi likija nalikimbilia. Nijibu, baba.
Mama yako

Machakos, hospitalini, 24 Februari

Mama,
Nimevunjika mbavu, nitapona. Barua zako nimeletewa hapa zote pamoja. Tulikuwa tunateremka Kilungu na breki hazikushika kabisa. Mutunga aliruka na gogo lake kukinga gurudumu, kama alivyozoea. Gurudumu likapanda gogo, likampanda na yeye. Wamemzika kwake, hapo hapo Kilungu. Watu wote wanasema breki zilikuwa zimelika, na hilo si uongo. Barua zako nimezichana. Mama, nakuomba, usimwambie mtu.
Mwanao

Kilungu, 3 Machi

Mwanangu,
Pole na mbavu. Nakuandikia kutoka kwa Nthenya, mjane wa Mutunga. Nisamehe, sikuweza kunyamaza. Nilisimama mlangoni kwake nikamwambia kwa mdomo wangu ni mafuta gani, na ni nani aliyeyamimina. Akaingia ndani akaniacha juani. Nilidhani atatoka na panga. Alitoka na majembe mawili, akanitupia moja. Mvua imekaribia na shamba lake halijaguswa.
Bado hajanisemesha. Tunalima.
Mama yako, Hasina