Twisheni ya Kamba ya Nguo

Jumatatu, 8 Desemba

Sijawahi kumwambia mtu hili: naogopa watoto. Watu wazima nawamudu. Shikamoo, kichwa chini, napita. Mtoto wa miaka saba hapitiki hivyo. Anakukodolea macho mpaka uishiwe maneno, halafu anauliza mbona pua yako inatoka jasho.

Na leo Mama kanitoa sadaka kwa watoto wanne. Bombani, mbele ya wapangaji wote. "Atu wangu yupo tu, mtihani wa kidato cha pili kamaliza, atawafundisha." Hakuniuliza. Nilikuwa nimesimama palepale na ndoo yangu.

Shida yenyewe ni Shafii wa chumba cha tatu. Darasa la kwanza kamaliza, ila mwalimu wake kasema shule zikifunguliwa atampa ukurasa mmoja asome. Akishindwa, anarudia. Na Januari mdogo wake Mwanaidi anaanza la kwanza. Yaani darasa moja, pengine dawati moja. Mama Shafii alieleza huku anacheka. Shafii hakucheka.

Jumatano, 10 Desemba

Kipindi cha kwanza, kibarazani. Wakasimama wote: "Shikamoo mwalimuuu!" Nilitaka kurudi ndani.

Nikawafundisha kwa kunong'ona, sauti haikutoka zaidi ya hapo. Ajabu, wakasogea na kunyamaza ili wasikie. Nikauliza: tumeelewa? "Ndiyooo!" Shafii akasoma ukurasa wa mbuzi wote bila kukwama, kidole kinatembea chini ya mstari.

Nina kipaji. Nimeamua.

Ijumaa, 12 Desemba

Sina kipaji.

Upepo ulipeperusha kurasa za kitabu. Ukurasa ukawa wa mkungu wa ndizi. Shafii akaendelea na mbuzi. Mbuzi akala majani, mbuzi akafukuzwa, kidole kinatembea juu ya ndizi. Kakariri kitabu kizima kwa kuitikia wenzake mwaka mzima.

Nikambakiza peke yake, nikamuuliza mbona kila siku unasema ndiyo. Akanitazama kama mie ndiye mtoto.

"Dada Atu, tukisema hapana, si mwalimu anaanza upya?"

Kisha akaniomba nisimwambie Mwanaidi. Macho yalikuwa yamejaa. Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nimejisikia vibaya kuliko nilivyotegemea.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimepata dawa. Khanga!

Zipo kwenye kamba uani kila siku, za Mama Shafii na za Bi Chiku wa chumba cha mbele. Maandishi makubwa, hayajapata kukaririwa na mtu. Sisi nyumbani ni vitenge tu, vitenge havisemi kitu. Namkalisha Shafii kwenye kinu kilichopinduliwa, tunachukua silabi mojamoja. U-ki-cho-ka. Anatoa jasho kama anabeba zege. Lakini anasoma. Anasoma kweli! Maana yake sikuifuatilia. Mie niliona herufi tu.

Alhamisi, 18 Desemba

Nataka kuhama Chang'ombe. Nataka kuhama nchi.

Saa nne asubuhi. Bi Chiku yuko mlangoni kwake anamenya mihogo. Shafii kasimama juu ya kinu, kajaza kifua, kwa mara ya kwanza kasoma mstari mzima wa khanga ya mama yake bila mtu kumsaidia: "UKICHOKA KUNICHUNGULIA KAPUMZIKE!"

Na wenzake, kwa mazoea ya shule, wakaitikia: "UKICHOKA KUNICHUNGULIA KAPUMZIKE!"

Nikapiga makofi. Mimi. Kwa mikono yangu hii.

Kumbe Mama Shafii na Bi Chiku hawasemeshani tangu Mei, ugomvi wa mfereji wa maji machafu. Mama kanieleza baadaye, kajishika kichwa. Unanunua khanga, unaianika kuelekea dirisha la mtu. Mwenye dirisha anaisoma kimoyomoyo, anaumia kimoyomoyo, anakwenda kutafuta ya kujibu. Nyumba nzima inajua na nyumba nzima inanyamaza. Ndiyo adabu yake. Haisomwi kwa sauti, na haiitikiwi. Watu wa Pwani wanazaliwa wanajua. Kwetu Mbeya ukikasirika unamfuata mtu, unamwambia, mnamaliza.

Bi Chiku aliweka kisu chini polepole. "Nani kawafundisha haya?"

Vidole vinne vikanyooka kwangu. Kwa pamoja.

Ijumaa, 19 Desemba

Bi Chiku kaanika ya kwake, mpya, bado ina gundi: NYUMBA YANGU SAFI, YA KWAKO VIPI? Shafii aliisoma kabla sijapiga mswaki. Chumba hadi chumba ilisikika. Alisoma na alama ya kuuliza, sauti ikapanda kabisa. Sijui kajifunza wapi.

Mama Shafii kamtoa twisheni. "Alipokuwa hajui kusoma tulikuwa tunaishi kwa amani!"

Basi. Imeisha. Bado hawezi neno lenye ng' wala gh, na shule zinafunguliwa Januari. Mwanaidi keshachagua upande wake wa dawati. Kamwambia Shafii atakaa dirishani yeye, kaka yake akae ukutani.

Jumapili, 21 Desemba

Bi Chiku anamwita Shafii kwa siri. "Mjukuu wangu, njoo unisomee hii, miwani siioni." Miwani iko kichwani kwake. Anataka tu isomwe kwa sauti. Mama Shafii akamvuta mtoto mkono, akamfungia ndani. Alikuwa analia dirishani, eti anataka kumalizia mstari.

Ni mimi nimeyaleta haya. Lazima niseme na Mama Shafii.

Jumanne, 23 Desemba

Nilifanya mazoezi bafuni kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza naona kama anayeongea ni mtu mwingine, jasiri kidogo. Nilipofika mlangoni kwake Kiingereza na Kiswahili vyote vikanikimbia, Kiingereza kikitangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. Hakusikia. Nikarudia. "Mwanangu, wanaonong'onezana ni wachawi. Sema kwa sauti!"

Sijui ilitoka wapi. "NAOMBA SHAFII ASOME! ASIKAE NA MWANAIDI!"

Jogoo wa mwenye nyumba akaruka ukutani. Kisha dirisha la Bi Chiku likafunguka.

"Wee, mwache mtoto asome!"

"Nani kakuuliza wewe?"

"Huyo mtoto wa watu katoa sauti leo, we hutaki tu!"

"Na ule mfereji aliuziba nani?"

Wakaanza. Kwa midomo yao wenyewe, ana kwa ana, tangu Mei. Mfereji, sufuria iliyoazimwa, harusi ambayo mmoja hakualikwa. Waligombana mpaka adhana ya alasiri. Mama alisema hajapata kuona nyumba hii ikipumua vile. Mwishowe Mama Shafii akanigeukia, sauti imekauka: "Mchukue. Ila msisome nguo."

Nilikaa chini palepale mlangoni.

Jumatano, 7 Januari

Tunasoma kila kitu kisicho nguo. Mfuko wa unga. Sabuni. Ukuta wa gereji: TUNACHOMELEA MAGETI. Jana alikwama kwenye ng'ombe, akapiga ngumi kinu. Leo kakwama tena, kapumua, kaingia upya mwenyewe. Sikumsaidia. Niliuma ulimi.

Sina hakika atafaulu. Nalala nikiuona ule ukurasa wa mwalimu wake, sijui una nini.

Jumanne, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimerudi, nimevua viatu, niko kitandani.

Ukurasa ulikuwa wa kiboko na mto. Hajapata kuuona. Mama Shafii alisimama nje ya dirisha la darasa akawa anahesabu mistari. Anasema alisoma taratibu mno, mwalimu akapiga miayo, lakini alifika mwisho. Kapelekwa la pili.

Mwanaidi kalia njia nzima. Kumbe alitaka wakae pamoja kweli.

Uani kumetulia. Bi Chiku anasonga ugali. Nimechoka vizuri.

Nyayo kibarazani. Ndogo, peku, zinakimbia. "Dada Atu, unaandika nini? Nione!"

Naficha. Huyu sasa anasoma.