Nyigu Hawatanihamisha Buyenzi

Baba Zuhura, mume wangu uliyetangulia,

Nakusalimu kwanza, halafu nakugombeza. Ulipokuwa hai hukupenda maneno mengi kabla ya chai, lakini sasa huna pa kukimbilia, kwa hiyo nisikilize.

Unakumbuka mvua za kwanza kila mwaka? Ukitoka msikitini alfajiri, kabla ya kwenda gereji, ulizunguka nyumba macho yakiwa juu, chini ya paa la baraza, ukitafuta nyigu. Kiota kikiwa bado kidogo kama kifungo cha shati, ulikiangusha kwa fimbo asubuhi ya baridi, maana nyigu aliyeganda hana ubishi. Halafu ulipaka mafuta machafu ya injini pale kiliponing'inia, ili asirudi kujenga. Mimi nilishika ngazi.

"We shika tu, usitazame juu," uliniambia, kana kwamba nyigu huuma kupitia macho.

Ijumaa moja alikuuma mdomoni, ukaenda kuswali mdomo umevimba kama andazi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Na wewe ulicheka, kwa upande mmoja.

Mwaka huu mvua zilinikuta ndani ya eda. Sikuwa na moyo wa kutazama paa. Nilitazama mlango tu, nikimsubiri mtu ninayejua haji. Nyigu wao hawakuwa na msiba, wakajenga. Siku ya arobaini yako, watu wamejaa barazani kwa hitma, nyigu mmoja akamshukia mdogo wako Hamisi shingoni katikati ya dua. Alipiga ukelele ambao, Mungu anisamehe, karibu unichekeshe.

Hakuondoka bila kusema.

"Shemeji, hii nyumba ishakuwa ya nyigu. Nyumba haina mwanaume, ni hivi. Eda ikiisha utaenda Cibitoke kwa mutoto wako, hapa tutaweka depo ya kuuzia mapiyesi ya magari."

Binti yetu Zuhura aliinamisha kichwa. Alishakubali. Hilo ndilo lililoniuma.

"Apana, Hamisi," nikamwambia. "Hii nyumba tulijenga sisi wawili, yeye na gereji yake, mi na maandazi yangu. Mwanaume wa hii nyumba alikufa, mi sikufa."

"Sasa nani atapanda juu kutoa nyigu? We? Na nguo ya eda?"

"Eda inanikataza kutoka. Hainikatazi kupanda."

Kesho yake alfajiri nilipanda. Jirani yetu Mama Asha alishika ngazi huku akisoma kila dua anayoijua. Nilijifunga kitenge usoni, mikono nikaivalisha soksi zako. Na nilichokiona huko juu, Baba Zuhura, ndicho kinachonifanya nikugombeze. Nyigu walikuwa wanakaa ndani ya vyuma vyako! Yale mabomba ya moshi ya magari mabovu uliyoyafunga kwa waya chini ya paa, miaka nenda miaka rudi, kila nikiuliza unajibu, "Itafaa siku moja." Ugonjwa wa mafundi wote wa Buyenzi huo, chuma hakitupwi. Kila bomba lilikuwa na kiota. Kumbe wewe ulikuwa ukiwafukuza mbele na kuwapangisha nyuma, ndiyo maana hawakuisha mwaka hata mmoja.

Niliziba midomo ya mabomba kwa matambara yenye mafuta wangali wamelala, nikakata waya, nikayashusha moja moja kwa kamba. Mmoja aliyebaki nje aliniuma mkononi, na kilio nilichokizuia tangu mazishi kikatoka pale pale juu ya ngazi. Mama Asha alidhani ni sumu.

Vyuma nimewapa wanaokusanya chakavu. Vyote, hata bomba la gari lako la kwanza.

Eda imekwisha juzi. Jana Hamisi alikuja na mfanyabiashara wa vipuri kutazama pa kuweka depo, na Zuhura akaja na mifuko ya kufungia nguo zangu. Wakanikuta barazani namimina chai. Hamisi aliinua shingo, akatafuta kila pembe.

"Tafuta vizuri, shemeji," nikamwambia. "Ukiona hata mumoja, niite."

Mfanyabiashara aliona nyumba ina mwenyewe, akamaliza chai, akashukuru, akaenda zake. Hamisi akamfuata. Zuhura aliikunja mifuko akaikalia, akaniomba kikombe cha pili. Nikammiminia.

Mimi sihami. Waje nyigu, waje ndugu, watanikuta hapa. Wewe najua umekasirika kwa ajili ya vyuma vyako. Kasirika. Ilikuwa ni vyuma au nyumba, nikachagua nyumba, na sijuti. Mungu akulaze pema, mume wangu. Lakini kama una neno, njoo ulitoe mwenyewe. Njoo ufoke mpaka majirani wasikie. Nitakufungulia mlango ukiwa unafoka hivyo hivyo, na wallahi, sitakujibu hata moja.

Mkeo,
Mama Zuhura