Nusu Goti la Masila

Kombani, Kwale
2 Juni 1997

Dada yangu Mbinya,

Hujambo? Watoto hawajambo? Baada ya salamu, natangaza kwa taadhima kuu, mashahidi wakiwa kuku wanne na jirani mmoja, kwamba jana alasiri mimi Masila nilipanda kidato cha kibaraza changu bila kushikwa mkono. Kimoja. Kushuka kukanishinda, nikakaa hapo juu kama diwani mpaka jirani huyo, Chirau, alipokuja kuniteremsha.

Chirau naye ana maneno! "Masila, nusu chuma, nusu Mkamba. Ukifa tuzike ipi?" Afadhali Kombe, yule wa baiskeli anayenipeleka sokoni. Hunipakia taratibu kama kikapu cha mayai.

Mwambie daktari wako namshukuru, ila alitengeneza upande mmoja wa goti akausahau mwingine.

Kaka yako,
Masila


Nairobi
16 Juni 1997

Kaka Masila,

Shikamoo. Sisi wazima, Mungu anatutunza. Barua yako nimeisoma wodini, wagonjwa wakacheka hadi mishono ikawauma.

Daktari hakusahau. Upande wa ndani ndio uliokuwa umekwisha, akabadilisha huo tu kwa chuma. Aliona pia ya goti, kile kifupa cha mbele, nayo imelika gegedu, akaiacha makusudi. Anasema wengi wenye pia iliyolika hupona sawasawa na wenzao. Ila yako imelika upande wa nje, na hao ndio husumbuliwa na ngazi, hasa kushuka. Anataka kujua kama alipatia au alikosea kuiacha. Kwa hivyo niandikie bila mzaha: wapanda? Washuka? Wapiga magoti? Na tafadhali usiruke popote.

Dada yako,
Mbinya


Kombani
20 Julai 1997

Dada,

Salamu. Wataka kweli, haya: sipandi, sishuki, sipigi magoti. Kanisani nasali nimekaa kama bwana mkubwa. Nimelalamika kwenye kibanda cha chai mpaka nikitokea watu wanakumbuka shughuli zao. Kombe anasema ngazi naiogopa kuliko chatu. Chirau ameapa kunibeba mgongoni siku nitakaposhindwa kabisa, "ila chuma kibaki, kizito."

Siku hizi kuna maneno mabaya juu yetu tuliotoka bara, ati turudi kwetu. Yatapita.

Kaka yako,
Masila


Nairobi
25 Agosti 1997

Kaka,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Redio inasema nyumba zinachomwa tangu Likoni hadi huko kwenu, na watu wanakatwa mapanga. Mtu asiyeshuka kidato atakimbiaje? Niandikie hata mstari mmoja.

Mbinya


Kangundo
7 Septemba 1997

Dada,

Niko nyumbani kwa mama, mzima. Nyumba ya Kombani imeungua, na kuku wangu pia. Goti limevimba kidogo, niliteleza kibarazani. Nimepigwa picha ya eksirei hapa, naituma umwonyeshe daktari. Mama anakusalimu.

Kaka yako,
Masila


Nairobi
22 Septemba 1997

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru Mungu u hai. Daktari ameitazama picha. Chuma kiko imara, lakini pia ya goti imepasuka vipande viwili. Anasema kuteleza hakupasui hivyo. Goti hili limeanguka kutoka mahali pa juu, likakutana na kitu kigumu. Anajilaumu kwamba aliiacha pia mbovu. Niambie kilichotokea. Mimi ni dada yako kabla sijawa muuguzi.

Mbinya


Kangundo
4 Oktoba 1997

Mbinya,

Mama hajambo. Leo sina mzaha.

Walikuja asubuhi, chai ikiwa mekoni. Chirau alinivuta hadi jikoni kwake, akanionyesha ngazi ya uchaga wa mahindi juu ya meko. "Panda!"

"Chirau, goti..."

"Utalalamika baadaye. Panda!"

Nilipanda, Mbinya. Pia ya goti ilisaga kama kinu kisicho na nafaka, lakini ilinifikisha. Nikalala juu ya mahindi, moshi ukinijaa puani, shati nimelitia mdomoni nisikohoe.

Waliingia, mapanga yana damu. Aliyetangulia alikuwa Kombe.

"Mkamba wako yuko wapi?"

Chirau alicheka. Alicheka kweli. "Kombe, wewe ndiye unayempakia. Mtu anayeshindwa na kidato atapandaje ngazi?"

Kombe akaitazama ngazi. Akaamini. Manung'uniko yangu yote ya kibandani yakaniokoa pale.

Wenzake wakatoka kwenda kuitia moto nyumba yangu. Yeye akabaki. "Lakini umemficha mahali," akasema. "Basi nawe tukupe goti la kufanana na lake." Rungu likashuka. Niliusikia mfupa. Chirau alipiga ukelele mmoja, asinitaje. Rungu likainuka tena.

Hapo niliruka. Kwa ngazi nisingewahi. Kushuka kulinishinda siku zote. Goti ndilo lililotangulia, na uzito wangu wote nyuma yake, likamkuta shingoni. Tulivunjika pamoja. Mkono wake ulikwaruza sakafu kidogo, kisha ukaacha.

Mimi na Chirau tulitambaa hadi kwenye mihogo, yeye na goti lake, mimi na langu. "Sasa tumekuwa sare," akaninong'oneza, akatapika kwa maumivu. Yuko hospitalini Msambweni. Hatembei. Mwombe daktari amtazame yeye kwanza; mimi nitangoja.

Na mwambie asijilaumu. Ile pia mbovu ilipanda ilipotakiwa kupanda. Akiuliza iligonga kitu gani kigumu, mwambie ni shingo ya mtu aliyekuwa akinipakia kama kikapu cha mayai.

Kaka yako,
Masila